Dar Tisa Hadi Moscow

Mama yangu alipima umbali kwa chakula. Kwetu Kiriba mtu hakuachwa asafiri mikono mitupu, na kila mji ulikuwa na mzigo wake. Musoma mjini ulikwenda na uji tumboni, basi. Bunda, viazi vya kuchemsha. Mwanza, ugali na sato wa kukaanga. Dar es Salaam ilikuwa kambale wa kukaushwa kwa moshi, maana miaka ile ya dhiki, dizeli ikitafutwa kwa tochi, basi liliweza kulala njiani na abiria wake, na treni nayo ilijiendea ilivyotaka.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusomea udaktari Moscow, mama aliniuliza swali moja tu: "Ni Dar ngapi?"

Nikachukua uzi na atlasi yangu ya shule. Nikapima toka Musoma hadi Dar, kisha toka Dar hadi Moscow, karibu kilomita elfu saba.

"Kama Dar tisa hivi, mama."

Kesho yake akaanza kubanika kambale, na moshi haukukoma nyuma ya nyumba. Matenga yakajaa. Nguo zangu za safari zikanuka samaki, na mimi sina subira, nikamfuata huko huko jikoni.

"Mama, unataka nikafungue genge la samaki? Ndege si treni. Unapanda jioni, asubuhi umefika. Na chakula wanakupa humo humo."

"Usiku mmoja?"

"Usiku mmoja."

Uso wake ukachangamka jinsi nilivyokuwa sijauona siku nyingi. "Kumbe ni karibu! Basi Krismasi utakuwaga unakuja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Masomo yalikuwa ya miaka sita, na serikali ililipa tiketi ya kwenda, kisha ya kurudi baada ya kumaliza. Ya katikati, hata tungeuza ng'ombe wa ukoo mzima, tusingeipata. Nikamweleza hivyo huku nalia, nikisingizia moshi.

Mama akawa anageuza samaki mmoja mmoja. Nilimpenda mno wakati ule, na sikujua pa kuweka mikono yangu.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "hayo masaa usimwambie mtu hapa kijijini. Watasemaga mtoto yuko usiku mmoja tu, na haji kumwona mama yake."

"Sitamwambia mtu, mama."

"Waache wajue ni mbali." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi niache nijue ni mbali."

Nikachukua kisu, nikakaa naye tukapasua kambale waliobaki.

"Ni mbali sana, mama," nikamwambia. "Ongeza kuni."