Aliniita Yaya, Nikamwacha Uwanja wa Ndege

Mimi ni mwanamke mbaya. Naanza hapo usije ukanihurumia katikati ya habari ukidhani niliteleza tu kama binadamu wengine. Sikuteleza! Nilimtega mwenzangu kwa makusudi, nikasimama pembeni nikamtazama akinaswa, halafu nikapanda ndege nikala kuku na wali.

Naishi Minnesota, upande wa Anoka, na kazi yangu ni uuguzi. Kanisani kwetu Frogtown akina mama wa Kenya hawaniiti kwa jina langu. Wananiita Nurse. Sitakudanganya, nalipenda hilo Nurse kuliko jina nililobatizwa, kwa sababu kabla ya kuwa Nurse nilikuwa yaya.

Ndiyo, yaya wa kulea watoto wa watu Nairobi! Nilikosa karo, nikaingia kwa tajiri mmoja wa Lavington. Nililala stoo na magunia ya viazi. Mtoto wao alinitemea uji usoni, mama yake akacheka mpaka akafuta machozi. Haya sijamwambia mtu yeyote Marekani. Hata mume wangu anachojua ni kwamba miaka ile nilikuwa namsaidia shangazi.

Sasa akaja Faida. Silo jina lake, jina lake sistahili kulitaja. Ni Mkongo wa Kivu, mkimbizi, mdogo kwangu, anafunga maboksi kwenye ghala moja huko Savage. Ana sauti ya kujaza kanisa na pengo kwenye meno ya mbele ambalo haoni haya kulionyesha. Alijiunga na kwaya yetu na kwa sababu zake mwenyewe akanipenda.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tumekaa mkahawani, meza nzima. Faida akaniletea chai. Akainama kidogo, akaishika kwa mikono miwili, akasema kwa ile sauti yake:

"Kamata chai, yaya."

Weee! Meza ililipuka. Mama Brian, ambaye ndiye mdomo wa kundi letu, alipiga makofi.

"Wueh! Nurse ameitwa yaya! Si basi utuoshee vikombe!"

Faida naye akacheka. Mimi nikacheka pia, ungefanyaje? Lakini ndani niliungua. Wenzangu wote aliwaita mama. Mimi peke yangu ndiye yaya. Nikajiuliza nani amemwambia, nani wa kwetu amefika Kivu na habari zangu.

Kuanzia siku hiyo hakukoma. Yaya, unipe lift. Yaya, nisomee hii barua ya shule. Yaya, leo umependeza. Ningemuuliza tu, "Faida, mbona unaniita hivyo?" ingekuwa imekwisha. Lakini aliyeficha maiti chini ya kitanda hafagii uvunguni. Nilinyamaza, nikafuga chuki kama mtu anavyofuga kuku, nikiilisha kila siku.

Ndipo ikaja safari. Mama Brian alikuwa anatimiza miaka hamsini na alisema amechoka kuzeeka kwenye theluji, anataka kuiona Ulaya, hata kama ni siku nne tu. Mambo ya tiketi na hoteli huachiwa mimi, maana napenda kupanga kuliko hata kusafiri. Wengi walitaka Paris. Faida akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Bamama, tuende Bruxelles. Yaya wangu iko kule, anagonjwa sana. Ye njo alinibebaka mu mugongo wakati tulikimbiaka vita. Miaka mingi sijamuona."

Nilisikia nini mimi? Nilisikia kwamba huyu mkimbizi anayejinyenyekeza alikuwa na mtumishi! Kwamba watu wakikimbia risasi yeye alikuwa mgongoni kwa msichana wa kazi. Nikauona mgongo wangu mwenyewe, na mtoto wa Lavington juu yake.

Halafu akanishika mkono mbele ya wote. "Na wewe njo yaya wangu wa huku Amerika."

Mama Brian alipaliwa na chai. Mimi nikatabasamu, na nikiwa bado natabasamu nikajua nitamfanya nini.

"Brussels basi," nikasema. "Niachieni mimi."

Nilipanga safari ile kwa furaha ya kishetani. Nilitafuta hoteli karibu na stesheni ya treni ili tusihangaike na teksi. Nilisoma mahali pa kula viazi vya kukaanga na kiwanja cha kupigia picha. Niliwaambia kila mtu abebe kibegi kidogo na mwavuli. Na nilisoma mambo ya viza, mara mbili! Sisi wenye pasipoti za Marekani tungepita bila swali. Faida, mwenye kile kitabu cha kusafiria cha wakimbizi, alitakiwa kuomba viza mapema. Muda ulikuwepo wa kutosha kabisa.

Aliniuliza mwenyewe, nikimrudisha kutoka kazini.

"Yaya, na hii kitabu yangu ya réfugié, haitaomba visa?"

"Si una green card?"

"Iko."

"Basi wewe ni mtu wa Marekani. Twende tu."

"Aksanti, yaya." Akaegemeza kichwa kwenye kiti akafumba macho, mtu aliyetuliwa mzigo.

Hata Mama Brian, na mdomo wake wote, alikumbuka kuuliza. "Nurse, una uhakika karatasi za Faida ziko poa? Mimi sitaki ma-drama airport."

"Nime-check," nikasema.

"Yaya anajua," Faida akamalizia.

Siku ya safari alikuja amevaa gauni la kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Begani alikuwa na mfuko, na ndani yake gauni jingine la kitenge kile kile, limekunjwa vizuri. Alisema ni la yaya, wapige picha wamevaa sare. Mimi Mwafrika, mtu mzima, nilisikia hilo na sikushtuka. Ni nani anayeshona sare na mtumishi wake? Chuki inaziba masikio.

Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege tulipita mmoja mmoja. Ikafika zamu yake. Yule dada wa kaunta akafunua kile kitabu, akakifunua tena, akauliza viza iko wapi. Faida akanigeukia mimi.

Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo kwa wiki nyingi. Nilitaka aaibike mbele za watu kama mimi nilivyoaibika kwa kikombe cha chai. Basi aliaibika! Alilia, akapiga magoti pale kwenye sakafu, akamwomba yule dada kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kiingereza chake cha ghala. Watu waliokuwa kwenye foleni walisogeza mabegi yao.

"Pole," nikamwambia. "Labda wamebadilisha sheria."

Hakunishuku hata kidogo. Alijifuta uso na kiganja, akaniwekea ule mfuko mikononi.

"Yaya, umupelekee yaya. Muambie minakuya."

Tukaenda. Brussels ilikuwa na mvua ya rasharasha na chokoleti kila dirisha. Tulikula yale maandazi yao yenye vishimo, tukapiga picha, Mama Brian akacheza kiwanjani hadi polisi akatabasamu. Kila siku Faida alipiga simu. "Yaya, ulishafika kwa yaya?" Nami kila siku nilimwambia kesho. Sikwenda likizo Ulaya kumwangalia mtumishi wa mtu, hivyo ndivyo nilivyojisemea.

Asubuhi ya mwisho Mama Brian alinifokea. "Nurse, peleka hiyo nguo ya watu. Hiyo ni dhambi sasa!" Nikaenda hospitali aliyonielekeza Faida, nikiwa nimenuna.

Nilifungua mlango wa chumba cha hospitali, nikasimama hapo hapo. Kitandani alilala Faida. Nasema Faida! Paji lile lile, macho yale yale, ila amekauka na amezeeka. Akatabasamu, nikaliona pengo la meno.

"Wewe ndiye... yaya wake Faida?" nikauliza.

"Njo mimi. Mama moja, baba moja. Mama alikufa mu njia, nikamubeba mie." Akanitazama vizuri. "Na wewe njo yaya wake wa Amerika? Anakusemaka kila siku. Anasema Mungu alimupa yaya mwingine."

Dada! Jamani, kwao yaya ni dada mkubwa! Mkubwa wako wa tumbo moja, unayempa chai kwa mikono miwili. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi sikuuliza.

Yule mgonjwa alikuwa anaangalia mlango nyuma yangu. "Ye iko wapi? Anapanda ngazi?"

Nikamwambia hakuruhusiwa kupanda ndege, hakuwa na viza.

Naye alikuwa mkimbizi, alizijua karatasi kuliko mimi. "Lakini sie barefugié tunaombaka visa siku zote. Hakuna mutu alimuambia?"

"Hakuna," nikajibu.

Nilimfunika lile gauni miguuni kwa sababu hakuweza kuinua mikono alivae. Aliwapapasa wale ndege mpaka nilipoaga. Mimi nesi, nimeona wengi wakienda, nilijua ninachokitazama. Nilikimbilia treni ya uwanja wa ndege, na kwenye ndege chakula kilinishinda.

Alifariki kabla hatujamaliza mwezi. Faida alikuwa hata hajapata siku ya kwenda kuomba viza.

Matanga tuliyafanya kwake Saint Paul. Wakongo waliimba, sisi Wakenya tukapika. Faida alikuwa amevaa gauni lile la kijani, nusu ya sare. Wazee wa kwao walimsihi ale, akakataa. Aliponiona mlangoni alikuja, akanikalisha, akalaza kichwa kwenye mapaja yangu mbele ya watu wote.

"Yaya wangu alienda," akasema. "Sasa niko na yaya moja tu."

Nikamlisha ugali kwa mkono wangu, tonge kwa tonge, akala. Watu wakasema, mwoneni Nurse, ana moyo wa dhahabu. Mama Brian yeye alinitazama kwa muda mrefu na tangu siku hiyo hanipigii simu.

Sijamwambia Faida. Nimejaribu, nikaishia kumuuliza kama amekula. Usiku silali. Nikimsikia akiniita lile jina nililolichukia, natamani kweli angekuwa ananitukana.

Wewe unayesoma, ukiitwa jina likakuchoma, uliza! Uliza siku hiyo hiyo, hata kama sauti itatetemeka, hata kama itabidi useme ulikotoka. Nililala stoo ya viazi miaka michache, hilo halikuniua. Nililoficha ndilo lililoua furaha ya mtu asiye na hatia. Na usijidanganye kwamba utalipiza kisasi kidogo tu. Hujui kisasi chako kitaangukia kitanda cha nani.

Juzi Faida alinipigia. Anataka kuanza kuomba uraia, fomu ni ndefu, Kiingereza kinamshinda. Nikasema nitamsaidia. Kuna mtu kando yake alimwambia atafute mwanasheria, nilimsikia. Nikamsikia na Faida akimjibu, kwa ile sauti yake ya kwaya:

"Ya nini? Yaya anajua."