Mama alimwinua babu akiwa amejifunika macho

Naomba jina langu lisitokee kwenye ukurasa wenu, wala jina la kijiji chetu. Andikeni tu kwamba natoka Rungwe, huku migombani. Nina miaka kumi na tisa na nimemaliza kidato cha sita. Mimi ni mtu wa aibu. Hata darasani nilikuwa siinui mkono ingawa jibu ninalo. Lakini nimefika mahali siwezi tena kunyamaza.

Kwetu mkwe wa kike na baba mkwe huogopana. Tangu mama yangu aolewe, hajawahi kumtazama babu usoni. Babu akitokea njiani, mama huingia migombani mpaka apite. Mama hupika, sisi watoto hupeleka chakula kwenye nyumba ya babu, ng'ambo ya ua. Si ugomvi, ni heshima, na kila mmoja humsifu mwenzake kwa watu. Najua wengi siku hizi wameacha, ila kwetu bado ipo.

Nikiwa likizo ya kidato cha tano, babu alipata kiharusi akapooza upande wa kulia. Baba alikuwa ameshapunguzwa kazi shamba la chai lilipopata wenyewe wapya, akaenda Chunya kutafuta dhahabu, na huonekana kwa nadra. Kwa hiyo mimi ndiye niliyelala na babu hospitali. Huko kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kaka mmoja mpole, akanifundisha. Alisema, "Mguu wa babu yako hauumwi. Ni ubongo uliousahau, na sisi tunaukumbusha." Akanionya nisimwache mtu yeyote amvute babu kwa mkono ule mgonjwa, kwa sababu bega lake halina nguvu ya kujishikilia. Nikamuuliza kama kuna shule ya mambo haya. Akasema ipo, na ukishamaliza shahada ya kwanza unaweza kuendelea na ya pili, ukasomea ubongo na mishipa ya fahamu peke yake. Tangu siku ile nimepanga maisha yangu hivyo. Nisome mpaka mwisho, kisha nirudi hapa hapa, maana kila kijiji ninachopita naona mzee amelazwa barazani kama mzigo uliosahaulika.

Kidato cha sita nilisoma nikitokea nyumbani, na babu akaanza kusimama. Nilimpa kijiko ashike kwa mkono wa kulia, chai nikaiweka upande ule ule ili aitafute. Akawa ananitania, kama wajukuu wanavyotaniwa. "Leo mke wangu ameamkia ukali. Nitakurudisha kwenu!" Nami, mwenye aibu kwa watu wote, namjibu, "Rudisha kwanza huo mguu, ndipo unirudishe mimi." Anacheka mpaka mate yanamtoka upande uliolegea, nami namfuta.

Shangazi yangu, anayeishi Masukulu, hakupenda. "We mtoto! Mzee mwenye ng'ombe zake unamwacha ajimwagie uji kama kichanga? Watu wakipita watasemaje?" Nilipoitwa Mbeya kwenye usaili wa chuo, yeye ndiye aliyekuja kukaa na babu. Alimlisha na kumbeba kila mahali. Kwake hiyo ndiyo heshima.

Siku moja shangazi alikwenda msibani kwa jirani. Mvua ilikuwa kubwa, mnaijua mvua ya Tukuyu inavyopiga mabati. Babu alitaka kwenda mlangoni mwenyewe, akaanguka. Mama alimsikia kutoka jikoni, kwa kuwa jiko liko ng'ambo hiyo hiyo ya ua. Alitoka akaita majirani, lakini wote walikuwa msibani na mvua ilimeza sauti yake. Alizunguka ile nyumba akilia. Mwishowe akajifunika khanga uso mzima, akaingia akipapasa ukuta, akashika mkono wa kwanza alioupata, akavuta.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Niliporudi, bega la babu lilikuwa limeteguka na mkono umefungwa kwa kitambaa. Lililoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa amegeukia ukutani. Hataki kijiko, hataki kusimama. Hanitanii tena. Mama aliniambia jikoni, huku akichochea moto usiohitaji kuchochewa, "Mwanangu, ningefungua macho ningeona ni mkono gani. Nilimwonea aibu, nikamvunja."

Sasa nimekubaliwa chuo. Ni mbali, huko kaskazini, ingawa usaili ulifanyikia Mbeya, na kinafunguliwa karibuni. Shangazi anasema niende tu, mzee sasa ni wa kupumzishwa. Najua akipumzishwa hivyo hatasimama tena. Mama amesema, "Nifundishe mimi. Safari hii nitaingia uso wazi." Mchungaji naye amesema hakuna dhambi. Lakini nilipomweleza babu, alijibu polepole, kwa ulimi ule mzito, "Mkwe wangu akiniona hivi, nitakuwa nimebaki na nini?"

Kila jioni nakaa na mama jikoni, ananifanyia mimi mazoezi ya babu. Ananishika nyuma ya bega, ananiinua taratibu, anauliza, "Hivi?" Namwambia, "Hivyo, mama, usivute." Mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Jiko letu liko karibu na ukuta wa babu, na najua anatusikia, kwa sababu kila tukianza mazoezi, kikohozi chake hukoma.

Wasomaji, nikibaki, nafasi ya chuo itapotea. Nikienda, nitajifunza kuwasimamisha watu nisiowajua, na babu yangu atabaki amelala. Nimwambie mama aingie hivyo hivyo, babu akasirike lakini asimame? Au heshima yake ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima, nami sina haki ya kuigusa? Niambieni, kaka zangu na dada zangu, hasa mliolelewa huku kwetu. Nifanye nini?