Gemu Isiyojua Salamu

Mimi ni mtu wa haya. Wageni wakija nyumbani kwetu Lodwar, mimi hutokea mlango wa nyuma nikajifanya naangalia kuku, hata kama kuku wenyewe wamelala. Shangazi yangu husema nitaposwa kwa barua. Ndiyo maana nilipenda gemu tangu nikiwa mdogo. Kwenye gemu unawapa watu mgongo, umeshika pedi yako yenye vitufe, na hakuna anayekuuliza mbona hukumwamkia. Unaweza kuchukua ligi nzima bila kufungua mdomo.

Halafu nikiwa kidato cha tatu, shule yetu ikaletewa mashine isiyo na pedi.

Tulipewa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka kuibeba. Ni kisanduku chenye kamera. Unakiweka chini ya skrini, unasimama hatua tatu mbele yake, basi mwili wako ndio pedi. Ukiinama, mtu wa kwenye skrini anainama. Ukiruka, anaruka. Sijui nani alibuni kitu hicho, lakini nina hakika huyo hajawahi kuona haya maishani mwake. Gemu iliyokuja nayo ilikuwa ya kuteleza mlimani kwenye theluji, na katika klabu yetu ya kompyuta hakuna aliyewahi kuona theluji zaidi ya ile inayoganda kwenye friji ya duka la soda.

Hata mashine yenyewe ilikuwa haijatuzoea. Siku ya kwanza upepo uliinua pazia la dirisha, mashine ikalikaribisha pazia kama mchezaji wa pili, na pazia likanishinda. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, msichana wa Lowarengak, yeye alikuwa na shida nyingine. Gemu ilimwambia aruke gogo, akaruka vile wanavyoruka kwao kwenye edonga, ngoma ya kuruka, kichwa kikapita juu ya pale kamera inapoona. Mashine ikasimama na kuandika kwamba mchezaji ameondoka. Akashuka, ikamkaribisha upya. Akaruka, ikamuaga.

"Hii kitu ilitengenezwa na watu wanaruka kama mbuzi mjamzito," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka kwa sauti, mbele ya wasichana kumi na wawili. Hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko alama zozote, na usiku ule niliandika kwenye daftari langu kwamba Jumamosi saa nane ndiyo saa yangu.

Saa yangu haikukaa. Naibu wa mwalimu mkuu alipita dirishani akatukuta tunapunga mikono mbele ya ukuta kama watu wanaofukuza nzi. Madam huyo hapigi kelele. Alisimama tu, akaangalia, akauliza hicho kitakuja kwenye mtihani gani. Jumatatu mashine ilikuwa stoo, pamoja na mipira iliyoisha upepo na darubini iliyovunjika. Mwalimu wa kompyuta alimwendea mara tatu. Mwishoni wakakubaliana hivi: kulikuwa na maonyesho ya teknolojia ya vijana Kakuma, tuipeleke huko. Watu wakiiona ina maana, klabu itaachiwa. Wasipoiona, itakaa stoo mpaka sisi tumalize kidato cha nne. "Na mimi nitakuwepo," Madam akasema.

Lazima niseme kwamba nilikuwa na picha yangu ya maonyesho ya gemu. Nilikuwa nimeyaona kwenye simu ya kaka yangu: kumbi zenye giza na taa za zambarau, watu wanapanga foleni nusu siku ili wacheze dakika tano, wanatoka wamepewa fulana na mifuko. Kwa hiyo nilipoingia ule ukumbi wa mabati Kakuma, na jua la saa nne limeshaanza kuoka paa, nilitafuta taa za zambarau. Meza yetu ilikuwa katikati ya vijana wa majiko ya sola na kikundi cha akina mama kutoka Kongo na Burundi waliokuwa wanauza sabuni ya maji. Kweli tulipewa zawadi. Tulipewa sabuni.

Lakini foleni ilikuja. Walikuja wanafunzi, wakaja watu wa kambi ya wakimbizi, wakaja wafugaji waliokuwa wamefuata soko wakasikia kelele. Kuchagua mchezo unanyoosha mkono mbele kwenye alama ya skrini na kuutuliza kidogo. Mzee mmoja alisimama akaielekeza alama kwa midomo, vile mtu yeyote mwenye adabu anavyoonyesha kitu kwetu, akangoja. Mashine nayo ikangoja. Nilikuwa nimejificha nyuma ya waya za umeme, nikisema moyoni, mzee, mkono, mkono, lakini sauti haikutoka.

Shida yenyewe ilianza na mama mmoja wa sabuni. Alifunga kitenge vizuri, akaanza kuteleza, na alikuwa hodari, anakwepa miti, anaruka magogo. Akiwa karibu kufika chini, mtu mpya akaingia kwenye uwanja wetu mdogo. Na huku kwetu mtu akifika mahali hawezi kupita watu kama kuni. Anasalimia wote, mmoja mmoja, kwa mkono, na mkono ulionyooshwa haurudishwi mtupu. Akamnyooshea mama mkono, "Ejok?" Mama naye akanyoosha wake, wakashikana. Mashine ikaona mkono umenyooka mbele na kutulia, palepale ilipokuwa alama ya kutoka. Ikamfungia gemu na kumshukuru kwa kucheza.

"Mbona iko nanifukuza?" mama akatuuliza. "Nimefanya nini?"

Akaanza upya. Akaja mwingine wa kusalimia. Ikafunga. Akacheza kijana, wakaja watu wanne pamoja, salamu nne, akafungiwa mara nne. Tukajaribu kuzima ile alama ya kutoka, haikuzimika. Wale waliobuni hii mashine nadhani huingia chumbani mtu akicheza wakapita tu kimya wakafungua friji. Foleni ikaanza kupungua, watu wakahamia kwenye majiko. Na Madam alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, mkoba mapajani.

Mwalimu wa kompyuta akapata wazo, na wazo lake lilikuwa baya. Aliandika kwenye karatasi kwa kalamu nene, TAFADHALI USIMSALIMIE MCHEZAJI, akaibandika ukutani, na mama wa sabuni akaingia tena kucheza. Yule mzee wa midomo alikuwa amerudi na kigoda chake mkononi. Akamwomba rafiki yangu amsomee. Aliposomewa, alimgeukia mwalimu.

"Kwa hiyo huko shuleni," akasema kwa Kiswahili ili wote tuelewe, "mnawafundisha watoto kukataa salamu?"

Nikamwona Madam anafunga zipu ya mkoba wake. Nilijua maana ya zipu ile. Stoo. Mipira iliyoisha upepo.

Sijui miguu yangu ilifanyaje. Najua tu kwamba nilikuwa nimetoka nyuma ya waya, nimesimama kwenye mstari wa chaki tuliochora pale macho ya kamera yanapoishia, mbele ya mzee, na mkono wangu umenyooka.

"Ejok, babu," nikasema.

"Ejok-noi," akanijibu, akaushika.

Nikamweleza kwa Kiturkana, haraka kabla sijaogopa, kwamba ile mashine ni kama mtoto wa kwenye theluji, haijafundishwa, ikiona mkono inadhani unaaga. Nikamwambia leo mimi ndiye mkono wa watu wetu wote. Atakayenisalimia mimi amesalimia kila aliyemo ndani, na mimi nitamfikishia. Mzee alifikiri. Akaniuliza, je, na majibu nitayaleta? Nikasema nitayaleta.

"Basi mwambie yule anayekimbia bila kwenda popote kwamba namsalimia. Na ng'ombe wake."

Nikageuka na kupaza sauti. Mimi. "Mama, mzee anakusalimia wewe na ng'ombe wako!"

Mama wa sabuni, aliyekuwa katikati ya miti, hakugeuka wala hakuinua mkono. "Ejok sana!" akaitikia akiruka. "Mwambie ngombe iko nateleza!"

Ukumbi ulicheka, na mzee alicheka kuliko wote. Mwalimu aliibandua karatasi yake kimyakimya akaiweka mfukoni. Kuanzia hapo kila aliyefika kwenye mstari wa chaki alinipa mkono na salamu ya kupeleka, wengine salamu ndefu makusudi. Kijana wa majiko alimtumia mchezaji salamu za nyanya yake. Rafiki yangu akaniambia kwamba sasa nimekuwa posta, nikamwambia nyamaza upange foleni. Mikono niliyoshika siku ile ni mingi kuliko yote niliyokwepa Lodwar tangu nizaliwe. Mingi ilinukia sabuni ya maji. Na mama wa sabuni alifika chini ya mlima, akapiga vigelegele peke yake, kisha akaitwa na wateja wake.

Mchana nikanyoosha mkono kwa aliyefuata bila kuangalia uso, na alikuwa Madam. Mwanafunzi hampi naibu mkono. Lakini ulikuwa umeshatoka, na haurudishwi. Akaushika. Hakucheza. Alisimama tu kando ya mstari akiangalia watu wanavyoitikia salamu huku wanaruka, mpaka tulipofungasha.

Kwenye basi la shule kurudi Lodwar alikaa mbele, kisanduku kikiwa miguuni pake. Tuliimba mpaka makoo yakauka na yeye hakutukataza, lakini hakutuambia ameamua nini. Tulipofika alikibeba mwenyewe, akavuka uwanja, akafungua stoo, akakiingiza, akafunga. Mwalimu wa kompyuta aliinamisha kichwa. Kisha Madam akaja moja kwa moja mpaka mahali niliposimama.

"Ufunguo ninao mimi," akasema. "Kila Jumamosi anayeitaka atakuja kuniomba. Si mwalimu wenu. Na si huyu wa Lowarengak anayekusemeaga."

Wiki ile sikula vizuri. Jumamosi saa nane kasoro nilikuwa mlangoni pa chumba cha walimu. Ndani walikuwa watano, wanakunywa chai, wote wakageuka. Nikatamani kuku wa nyumbani.

"Madam, naomba ufunguo."

"Sijasikia."

"Naomba ufunguo wa stoo, Madam. Wa mashine."

"Ya nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri kuhusu teknolojia na mazoezi ya viungo. Nililikariri usiku kucha. Likapotea lote. "Nikiicheza nacheka," nikasema.

Mwalimu mmoja akaweka kikombe chini. Madam alinitazama, akafungua droo, akausukuma ufunguo mpaka ukingoni mwa meza, upande wangu.

"Saa kumi iwe imerudi."

Nilitembea kwa adabu mpaka nilipopita kona ya maktaba. Kisha nikakimbia.