Blanketi la Jiwe

Bomba la uani linavuja, na chini yake imeota kuvumwani, kimmea cha kijani kinachotambaa, laini kama manyoya ya kifaranga. Nikiinama nasikia harufu ya lile jiwe lililofunikwa nayo nyuma ya nyumba yetu, nilipokuwa mtoto.

Baba alikuwa machimboni Rwamgasa, akiosha mchanga juu ya blanketi ili dhahabu inase. Nami niliamini kuvumwani ni blanketi la jiwe. Nikabandua kipande, nikakitunza kwenye kopo, akirudi tukioshe pamoja, tutoe dhahabu. Kikakauka, kikawa kahawia.

“Bibi, kimekufa.”

“Hakijafa, mjukuu wangu. Mmea huu hauna mizizi, unangoja maji tu.”

Akakinyunyizia. Tulipomaliza kula kilikuwa kijani tena.

Kisha wachimbaji wenzake wakamleta baba, udongo wa shimoni ungali kwenye nywele zake. Watu wote walilia. Mimi peke yangu nilikwenda kuchota maji ya kumnyunyizia.