Awo Korkoi na Mwaka Uliopooza

Kila Jumapili ya mwisho ya Desemba, watu wakishatoka kanisani na kula, mashabiki wa ngumi wa uani kwetu, mtaa wa Bukom, hukutana kuuhukumu mwaka. Hukumu ni moja kati ya mbili: mwaka ulinoga, au mwaka ulipooza. Katikati hakuna. Watu huinua mikono, na likishaamuliwa limeamuliwa. Miaka kumi baadaye utamsikia mtu akisema, "Binti yangu wa pili alizaliwa ule mwaka uliopooza," na kila mmoja anajua ni mwaka upi.

Mwaka ninaousimulia hapa, hukumu hiyo ilibeba kitu kizito. Ulikuwa mwezi wa Novemba. Nii Aryeequaye, mkuu wa ukoo wenye ua wetu, alikuja asubuhi akamkuta Awo Korkoi akifagia ulingo kama afanyavyo kila siku kabla ya kwenda kuuza. Mimi nilikuwa kwenye kibaraza changu nashona glavu, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na nikasikia yote.

"Korkoi," Nii alisema, "watu wa mpira wameniletea ombi. Wanataka kujenga banda la televisheni hapa. Wao wanajaa kila wiki. Ninyi mna nini?"

"Tuna ngumi, Nii."

"Ngumi gani? Bingwa wetu aliumia bega mwezi wa pili, mpaka leo hajapanda ulingoni. Yule mwingine kahamia Uingereza, anapigana na watu ambao hata majina yao hayatamkiki. Pambano la Septemba liliahirishwa, likaahirishwa tena, likafa. Nadanganya?"

"Hudanganyi."

"Basi nitakuja siku ya hukumu. Ninyi wenyewe mkisema mwaka umepooza, ua nawapa watu wa mpira. Siwezi kuwanyima wengine nafasi kwa ajili ya kitu ambacho hata wenyewe kimewachosha."

Akaondoka. Awo Korkoi akamaliza kufagia pembe iliyobaki, akatundika ufagio.

Jina lake ni Korkoi, na hilo "Awo" ni mama, kwa kuwa sasa ni mama wa watu wengi ambao hakuwazaa. Alizaliwa nyuma ya ua huu huu. Wanasema alipokuwa na miaka tisa alimpiga msichana wa miaka kumi na tatu kwenye foleni ya maji, kisha akamsaidia kubeba ndoo yake mpaka kwao. Alipokua akajifunza kupika komi kwa bibi yake, yale mabonge ya unga wa mahindi uliochachuka, yanayofungwa kwa maganda ya mahindi yenyewe, na mpaka leo anayauza pale mlangoni pamoja na samaki wa kukaanga na pilipili ya kusaga. Aliolewa na bondia, Lankai. Lankai hakuwa bingwa wa kitu chochote. Alipigana mapambano thelathini na moja, akashinda kumi na mawili, na katika yote thelathini na moja Korkoi alikaa palepale, upande wa kona nyekundu, akimwelekeza kwa sauti ambayo watu wa sokoni waliisikia. "Mbavu! Mbavu, mume wangu, uso wake hauna kitu!"

Lankai alipofariki kwa ugonjwa wa figo, watu walidhani mjane hataonekana tena uani. Siku ya arobaini na moja alikuja na ufagio. Hajaacha tangu hapo, na huo ni mwaka wa kumi na tano. Hakuna aliyemwomba, wala hakuna anayemlipa.

Nilimuuliza, siku ile Nii alipoondoka, "Awo, utafanyaje? Watu wataupiga mwaka huu chini."

"Najua."

"Zungumza nao basi. Wanakuheshimu. Ukiwaomba wainue mikono, watainua."

Alinitazama kama mtu aliyeona mshono umefumuka. "Nimwombe mtu aseme uongo? Tukidanganya mwaka mmoja, hukumu zote za nyuma zinakuwa takataka. Hapana. Ua huu nitaushikilia, lakini kwa haki."

Sasa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwenye mwezi wa tano.

Mwezi wa tano, makuhani wanapopanda mahindi ya mila, kwetu huanza majuma ya kimya. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna kelele za shangwe, mpaka siku watakayotangaza wenyewe. Hilo si jambo la utani. Na mwaka ule, katikati ya kimya hicho, likaja pambano.

Promota alitoka Kumasi, mtu mmoja aitwaye Boadu, na mtu wa Kumasi hawezi kujua kalenda yetu. Lakini sisi je? Mabango yalikaa ukutani wiki tatu. Tulisimama mbele yake kila siku tukibishana. Kijana wetu Ayikai, mbeba samaki, angepigana na Kossivi wa Lomé kuwania mkanda wa Afrika Magharibi, hapa hapa uani kwetu, Jumamosi saa tisa alasiri. Tulizichambua sura zao, vifua vyao, mpaka kaptura. Tarehe hakuna aliyeisoma. Watu wa Bukom hatusomi bango, tunalitazama.

Aliyeisoma ni Awo Korkoi, alipochukua bango moja kufungia samaki wa mteja. Zilikuwa zimebaki siku tano. Mteja anasema yule mama aliduwaa na samaki mkononi, kisha akasema, "Ee Mungu, tumechapisha dhambi."

Boadu alitaka kuahirisha. Lakini Kossivi alikuwa na safari ya Ufaransa wiki inayofuata, na wakati ule bingwa wetu alikuwa ameshaumia na yule mwingine ameshahama. Kama lingeahirishwa, lisingekuwepo. Awo Korkoi akavaa kitambaa cheupe, akachukua chupa ya pombe ya jini ya kupeleka kwa heshima, akaenda nyumbani kwa makuhani. Nilimsindikiza kwa kuwa alisema anahitaji mtu asiyeongea.

Mzee aliyetupokea alimsikiliza, kisha akasema kimya ni kimya.

"Sawa, baba. Nataka tu kujua kilichokatazwa ni kipi, tusije tukakosea. Ngoma?"

"Imekatazwa."

"Kengele?"

"Imekatazwa."

"Makofi? Kushangilia? Mtu kuita jina la bondia?"

"Yote hayo."

"Kupumua?"

Mzee alimtazama. "Pumueni."

"Na konde likitua kwenye mbavu, baba, likatoa mlio?"

Mzee akatazama chupa, akatazama dari, akatutazama sisi.

"Mbavu si ngoma," alisema.

Jumamosi ile Awo Korkoi alisimama mlangoni na kikapu cha miswaki, ile ya vijiti tunayotafuna asubuhi. Kila aliyeingia alipewa mmoja. "Tia mdomoni. Ukijisikia kupiga kelele, tafuna." Alipofika Ataa Kwatei, dereva mstaafu wa malori ya bandarini, mtu mwenye mdomo kuliko wote uani, akampa miwili.

"Miwili ya nini?"

"Mmoja ukiisha."

Hivyo ndivyo lilivyoanza. Lilivyokwisha ataeleza Ataa Kwatei mwenyewe, maana yeye ndiye aliyelieleza siku ya hukumu.

Siku ya hukumu ilifika. Ua ulijaa. Nii Aryeequaye alipewa kiti kando ya ulingo, na nyuma yake akasimama Tawiah, kiongozi wa watu wa mpira, amevaa jezi mpya na ameshika utepe wa kupimia. Kweli, utepe wa kupimia.

Ataa Kwatei ndiye aliyesimama kwanza, kama kila mwaka. Na kama kila mwaka akasema mwaka ulipooza. Ni miaka kumi na minane mfululizo anasema hivyo. "Siku hizi mabondia wanacheza dansi!" alisema. "Wanakumbatiana kuliko maharusi. Tumengoja mwaka mzima kama abiria wa basi bovu. Umepooza! Umepooza kama komi ya juzi!"

"Komi yangu hailali mpaka juzi," Awo Korkoi alijibu, na watu wakacheka.

Mikono ikainuliwa. Walioona mwaka ulinoga hawakufika robo. Walioona ulipooza waliinua mikono polepole, huku wakimkwepa Awo Korkoi kwa macho, lakini waliinua. Mimi pia niliinua. Sikuweza vinginevyo. Na nilipogeuka nikaona mkono wa Awo Korkoi mwenyewe uko juu, pamoja na yetu.

Nii akainuka kwenye kiti. "Basi nimesikia."

"Awo, mechi imekwisha," Tawiah alisema, akivuta utepe wake. "Refa kapuliza filimbi."

"Kwenu si kuna dakika za nyongeza? Nipeni zangu." Akamgeukia Nii. "Nii, umesikia hukumu. Kesi hukuisikia, kwa sababu mwezi wa tano ulikuwa safarini."

Akachukua kikapu kutoka chini ya meza yake ya komi, akakimimina ulingoni. Vikaanguka vijiti, zaidi ya mia mbili. Vilikuwa vimetafunwa mpaka vimekuwa nyuzi, vingine vimepasuka katikati, vingine vimebaki ncha tu. Alikuwa amevifagia siku ile baada ya pambano, akaviweka.

"Nii, wewe umewachunga watu miaka mingi. Hebu niambie, mtu aliyechoka na kitu hutafuna mti namna hii?"

Nii aliokota kijiti kimoja, akakigeuza. "Hiki kimekatwa na meno."

"Hicho ni cha Ataa Kwatei. Ataa, hutaki uongo, na mimi sitaki. Mwambie Nii ulikikata lini."

"Raundi ya sita," Kwatei alisema, kwa kunung'unika. "Lakini mwaka ulipooza."

"Ulipooza. Raundi ya sita ilikuwaje?"

Kwatei alianza akiwa amekaa. Alisema kijana Ayikai alikuwa nyuma kwa pointi. Alisema hakukuwa na kengele, mtu wa saa alikuwa anapunga kitambaa cheupe. Alisema usipokuwa na kelele masikioni unasikia vitu ambavyo hujawahi kusikia: viatu vikikwaruza turubai, pua zikivuma, jasho likidondoka. "Nimetazama ngumi tangu nina miaka sita, Nii. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuzisikia."

"Halafu?" Nii aliuliza.

Kwatei akasimama. "Kossivi akamchoma hapa, chini ya moyo. Kijana akaanguka. Mwamuzi anahesabu kwa vidole, hivi, moja, mbili, huku sisi watu mia mbili tunataka kupiga kelele 'Inuka!' na hatuwezi. Hapo ndipo nikakata mswaki. Tatu, nne. Huyu mama hapa akasimama. Hakusema neno. Alisimama tu, wima, akainua kidevu. Na mimi nikasimama. Watu wote wakasimama, Nii, bila sauti, kama kanisani. Kijana akafumbua macho, akaona ua mzima umesimama, na yeye peke yake ndiye aliyelala."

"Halafu?"

"Akaona haya! Akainuka kwenye nane!" Kwatei alikuwa amekwishaingia ulingoni, anakanyaga vijiti, mikono imekunjwa. "Kossivi anakuja kummaliza, ameinua mikono juu, anatafuta kichwa. Mbavu wazi! Na hakuna wa kumwambia kijana! Huyu mama anajipiga ubavu wake mwenyewe kwa kiganja, taratibu, hivi, hivi, anamwonyesha..."

Akanyamaza. Alisimama pale mguu mbele, mkono wa kushoto nyuma, na watu wote uani walikuwa kimya, hata wale wa mpira. Mwanamke mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Nilisikia jenereta la mtaa wa pili.

"Halafu?" Nii aliuliza, kwa sauti kubwa. "Kwatei! Halafu?"

"Nii," Awo Korkoi alisema taratibu, "mbona umekaa? Ulikuwa unaondoka."

Nii akajitazama. Kweli alikuwa amekaa tena, ukingoni mwa kiti, na kile kijiti amekibana ngumini. Kicheko kilianza nyuma kwa watu wa mpira, kikaja mpaka mbele, na Tawiah mwenyewe akacheka huku utepe wake ukijirudisha ndani.

"Mwambie basi," Awo Korkoi alimwambia Kwatei.

"Mbavu," Kwatei alisema, akatupa lile konde la kushoto. "Mlio wake nadhani ulifika kwa makuhani. Kossivi akakaa chini kama mtu aliyekaribishwa kiti. Vidole kumi. Tukakumbatiana tunalia bila sauti, mpaka polisi akachungulia mlangoni akauliza ni nani amefariki."

Nii alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akainuka kweli, akanyoosha nguo yake.

"Tawiah, nyuma ya kinu cha unga kuna kiwanja changu kingine. Kipimeni hicho." Akamgeukia Awo Korkoi. "Na ninyi, mwakani niwekewe kiti mbele. Mswaki wangu uwe mpya."

"Lakini hukumu haibadiliki!" Kwatei alipaza sauti kutoka ulingoni. "Mwaka ulipooza! Siku moja ndani ya mia tatu na sitini na tano!"

"Nani kasema ibadilike?" Awo Korkoi alimjibu. "Shuka hapo, unanichafulia ulingo."

Na haikubadilika. Mpaka leo mwaka ule tunauita uliopooza. Kesho yake, Jumatatu, nilipofungua kibaraza nilimkuta Awo Korkoi ameshafika, anavifagia vile vijiti na kuvirudisha kikapuni, kimoja kimoja.