Dohani Nene ya Katikati

Mimi ni mtu wa nguo hapa Guangzhou, na nguo ndizo zilizoniponza. Kule Zhanqian, kwenye soko la nguo za jumla, shati likiwa na mkono mmoja mpana kuliko mwenzake nalirudisha, na kelele napiga.

Juzi mteja wangu wa Mwanza, Mzee Magesa, fundi mstaafu wa mitambo ya meli, aliniomba nikamkagulie mfano mdogo wa meli aliouagiza mwenyewe kwenye duka moja hapa. Ilikuwa manowari ya Waingereza ya enzi za Malkia Victoria, nyembamba, ya kuwindia mashua za topido, yenye dohani tatu za moshi. Nikaona ya katikati ni nene kuliko zile mbili.

"Laoban, hii mbovu!" nikamwambia mama mwenye duka. Akatikisa kichwa, akaniletea picha ya meli yenyewe. Sikuitazama, tangu lini muuzaji akanifundisha kukagua? Nikagoma kupokea mzigo mpaka akaing'oa, akabandika nyembamba.

Palepale dukani nikampigia Mzee kwa video, kifua mbele. "Mzee, walitaka kukupiga! Nimewabana, sasa zote saizi moja."

Mzee akavua miwani.

"Mama Neema, katika meli hizo dohani ya katikati inatoa moshi wa boila mbili. Ndiyo maana ni nene. Mwaka mzima nimemtafuta fundi anayelijua hilo."

Laoban akavuta droo. Dohani nene ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa, na gundi pembeni yake. Kumbe alikuwa ananisubiri tu nimalize.