Kofia ya Ticha Msengi

Jamani! Tangu asubuhi nimeshika simu nataka kumpigia Msengi nimsimulie msiba. Msiba wenyewe ni wake! Kansa ya ngozi imemmaliza rafiki yangu, jana tumemzika hapa Mkiwa.

Wengi mlimjua kama ticha wa sayansi. Mimi nilimjua tangu ujana, enzi za vijiji vya ujamaa, tulipohamishwa tukapangiwa nyumba kwa mstari kando ya barabara, pasipo na mti hata mmoja.

Msengi alikuwa na ualbino. Nesi wa misheni alimpa kofia ya pama, akamwonya asiivue juani kamwe.

Siku ya shamba la pamoja, mwenyekiti wa kijiji akamsimamisha mbele za watu. "Kofia ya wakoloni hiyo! Vua! Hapa hatutaki mabwana wakubwa." Akaichukua. Msengi akapalilia uwele kichwa wazi mpaka akatoka malengelenge. Na msimu uliofuata hivyo hivyo.

Kofia tuliiona baadaye. Mwenyekiti kaivaa, anachunga ng'ombe zake. Mshenzi yule!

Tulikuja kufundisha shule moja. Siku ya somo la ozoni Msengi alijifunika chandarua darasani. "Tabaka hili liko juu huko, linatukinga na mionzi mikali ya jua. Gesi za friji na za makopo ya kupuliza zinalila. Likizidi kuwa jembamba mazao yatadhoofu, macho ya watu na mifugo yataharibika, ngozi zitapata kansa." Shule nzima hakuna aliyekuwa na friji.

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, wewe ozoni ndiyo imekuunguza?"

"Hapana mwanangu. Tabaka langu alinivua mwenyekiti."

Darasa likacheka. Mimi nilikuwa mlangoni, sikucheka.

Sasa jana, yule mwenyekiti, mzee sasa, kaja na mkongojo, kaomba kutoa rambirambi! Eti, "Msengi alikuwa kijana wangu." Nikamnyang'anya kipaza sauti.

"Shikamoo mzee. Waeleze watu ile kofia ilikuwa ya nani."

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

"Marehemu ni wa leo."

Sikumwacha aondoke. Wajukuu zake wanamtazama. Mwisho akasema, "Ilikuwa yake. Nilimnyang'anya."

Mnasema kwenye magrupu nimemdhalilisha mzee makaburini. Ndiyo, nimemdhalilisha! Na kesho ningerudia.

Msengi, wamesikia wote, na kwa mdomo wake mwenyewe. Lala salama ndugu yangu, jua halikufikii tena.